Chumba Kisicholaliwa

Mwaka ule ndoa saba zilifungwa katika mtaa mmoja kabla mwaka haujafika nusu, mpaka watu wakasema kuna mtu amemwaga dawa kwenye bomba la maji. Sita kati ya ndoa hizo zilipigwa picha na mtu mmoja na kupikiwa na mtu mmoja. Mpiga picha alikuwa Fundi, mwenye studio ndogo mkabala na posta. Mpishi alikuwa yule anayeitwa Mama Sahani, ambaye hupika kwenye shughuli za watu na huja na sahani zake mwenyewe, mia mbili na arobaini, zimefungwa kumi kumi kwa vitambaa. Ndoa ya saba ilikuwa yao wao wawili.

Walifahamiana hukohuko kazini. Kwenye kila harusi Mama Sahani alikuwa nyuma ya masufuria, Fundi alikuwa nyuma ya kamera, na kwa kuwa wote walikuwa nyuma, walionana. Mbele watu walicheza na kulia machozi ya furaha. Huku nyuma mmoja alimwekea mwenzake kipande cha nyama pembeni, mwingine akamtafutia mwenzake kiti asikae juu ya ndoo. Mambo yakaanzia hapo.

Harusi yao ilikuwa Jumanne asubuhi, maana siku nyingine zote walikuwa na harusi za watu. Picha yake iko moja tu, ukutani juu ya kabati la vyombo: bibi harusi peke yake, shela limemteleza upande mmoja, anacheka mpaka magego yanaonekana. Anayemchekesha hayumo. Yuko upande wa pili, amefumba jicho moja.

Miaka kumi ikapita. Siku moja wifi yake Mama Sahani, dada yake Fundi, akaingia jikoni bila hodi kama kawaida yake, akajimiminia chai, akakaa.

"Wifi, tumetimiza miaka kumi. Tuna nini cha kuonyesha?"

"Wewe una watoto watatu na mume anayenenepa."

"Ndiyo maana nataka tupige picha sasa, kabla hajafikia mwisho wa kunenepa."

Wazo lake lilikuwa limeshaiva. Wale wote wa mwaka ule, jozi saba za wanandoa, wangekwenda baharini siku tatu. Watoto wangebaki kwa bibi zao. Wangepumzika, wangeogelea, na kila mtu na mwenzake wangepiga picha mahali penye mandhari ya kupendeza, kwa sababu zile za harusi zilikuwa za uani, na nyuma ya kila bibi harusi ilionekana kamba ya nguo. Kazi ya kupanga waliachiwa Fundi na mkewe.

"Nyinyi ndio mnaojua," alisema Kinyozi, ambaye naye alioa mwaka ule, na aliwanyoa mabwana harusi wote saba, yeye mwenyewe akiwamo. "Mwingine akipanga, tutajikuta tumelala stendi."

Mama Sahani alikubali kwa sababu moja ambayo hakumwambia mtu mwingine ila mumewe. Alitaka siku tatu za kuwa mgeni. Aletewe chakula akiwa amekaa, alale kwenye kitanda alichotandikiwa na mtu mwingine. Na pembeni yake awe na mume. Mume, si fundi. Maana kila walikokwenda pamoja, alitoka nyumbani na mume na kurudi na mume, lakini huko katikati hakumpata. Alikuwa na mtu anayerukaruka kwenye viti akiwaambia watu wainue videvu.

"Kamera inabaki nyumbani," akamwambia.

"Yote?"

"Kwani ina nusu? Wenzako wana simu. Wewe wachagulie pa kusimama, basi. Mengine watajijua."

Fundi akakubali, akiangalia kamera yake kama mtu anayemuaga ndugu hospitalini.

Alhamisi akaenda peke yake kukagua. Alirudi jioni viatu vimejaa mchanga, akafungua karatasi kubwa juu ya meza ya jikoni, akaondoa vitunguu ili ikae vizuri. Ilikuwa na vituo vinane, kila kimoja na namba, saa, na mchoro mdogo. Namba moja, ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini, saa moja asubuhi. Namba mbili, mwamba wenye tundu linaloonyesha maji upande wa pili. Namba tatu, uzio wa mbao nyeupe uliofunikwa na maua. Namba nne, gati la zamani, saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea.

"Na hii namba tano? Mbona umechora kitanda?"

Macho ya Fundi yakang'aa. "Hiki kiko palepale kwenye nyumba ya wageni, ghorofa ya juu. Chumba cha picha. Mwenye nyumba amekipamba kwa ajili hiyo tu. Kitanda kikubwa cheupe, mapazia meupe, dirisha limekula ukuta mzima, bahari yote iko mbele yako. Hakuna anayelala humo. Wanaingia wawili, wanapiga, wanatoka. Jua linaingia saa nne kamili, linakaa kwenye mto nusu saa, halafu linahama. Nimeshapiga hesabu. Dakika tano kila wawili, jua linatutosha."

"Na hii alama hapa pembeni?"

Kwenye kila mchoro kulikuwa na watu wawili wembamba kama njiti za kiberiti, na mbele yao alama ya mkasi, mistari miwili iliyopishana.

"Hapo ndipo anaposimama mpigaji."

"Mpigaji gani?"

Fundi akajikuna shingo. "Yeyote."

Mama Sahani akaitazama ile alama. Ilikuwa imekolezwa kalamu mara mbili, tatu, kama mahali ambapo mchoraji anapapenda. "Fundi."

"Nimesikia. Mimi ni mume."

Ikabaki kupiga simu na kushika vyumba. Mama Sahani akavuta karatasi ndogo, akafumba macho. Yeye akihesabu watu huwaona mezani, akizunguka na kumwekea kila mmoja sahani. "Wifi na shemeji. Kinyozi na mkewe. Wale wa duka la viatu. Mwalimu na mumewe. Wale warefu. Wale wanaogombana." Akafumbua macho, akaandika. "Sita. Hebu na wewe hakikisha, nisije nikaaibika."

Fundi naye akafumba macho. Yeye akihesabu watu huwapanga kama wa kupigwa picha. Akawaweka warefu nyuma, Wifi na mumewe wakakaa katikati, wale wanaogombana akawaweka mmoja kila upande. Akawapitia kutoka kushoto kwenda kulia. "Sita kamili. Na hakuna aliyekatwa kichwa."

Mama Sahani akapiga simu, akaagiza vyumba sita na chakula cha mchana cha watu kumi na wawili siku ya kufika. Alikata simu roho yake ikiwa nyeupe. Usiku ule alitoa gauni la maua alilokuwa akilitunza, akalipiga pasi, akalirudisha kabatini, akalitoa tena.

Ijumaa walifika baharini kabla ya saa saba, kwa basi dogo la kukodi. Safari nzima Wifi aliwachekesha watu kwa kuiga sauti ya mume wake anavyolala. Nyumba ya wageni ilikuwa na ghorofa moja, imepakwa rangi ya maziwa, imetazama maji. Mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye kilemba cha kijani na funguo shingoni, aliwapokea mlangoni na kuwaongoza moja kwa moja mezani. Meza ilikuwa chini ya kivuli cha turubai, imetandikwa vizuri, samaki wanatoa moshi.

Walikula. Upepo ulikuwa mzuri, chakula kilikuwa kitamu, na wale wanaogombana waligombania kichwa cha samaki mpaka kikapoa. Mama Sahani alikuwa akipokea mabakuli kutoka jikoni na kuyapitisha, akimwongezea huyu wali na yule mchuzi, kwa sababu mikono yake haikungoja kuulizwa. Fundi alikuwa amesimama kwenye kona ya turubai na simu yake, akiwapiga wote kwa pamoja. "Shemeji, inua kidevu. Kile cha juu."

Baada ya chakula mwenye nyumba akaleta sinia la funguo.

"Nipe mama, niwagawie mimi," akasema Mama Sahani. "Nawajua."

Akagawa. Fundi alikuwa pembeni yake akisoma majina kwenye karatasi. Kila aliyepewa ufunguo alibeba mzigo wake na kuanza kuvua viatu. Mama Sahani akanyoosha mkono kuchukua wa mwisho, akagusa sinia tupu.

"Na wa kwetu?"

Fundi akaangalia chini ya sinia. "Haupo."

"Haupo vipi?"

"Nilitayarisha sita," akasema mwenye nyumba. "Mliagiza sita."

Mama Sahani akamgeukia mumewe, akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo Fundi aliiogopa kuliko kelele. "Umenisahau. Miaka kumi. Umehesabu mtaa mzima, ukamsahau mke wako."

"Na mimi mwenyewe nimejisahau," akasema Fundi.

"Wewe umezoea kukaa nje ya picha. Mimi je?"

Mwenye nyumba akakohoa kidogo. "Samahani, dada. Aliyepiga simu alikuwa mwanamke. Nilimuuliza mara mbili, mna hakika ni sita? Akaniambia nisiwe na wasiwasi, kuhesabu watu ndiyo kazi yake."

Mama Sahani akafungua mkoba, akatoa ile karatasi ndogo. Mwandiko ulikuwa wake. Wifi na shemeji, Kinyozi na mkewe, mpaka wale wanaogombana, na chini yake sita, imepigiwa mstari. Akaisoma kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Yeye pia alikuwa amezunguka meza nzima akiweka sahani, na hakuona kuwa mwenye kuzunguka hana kiti. Akahesabu viti chini ya turubai. Kumi na viwili.

"Fundi," akasema taratibu. "Umekula?"

Fundi akafikiri. "Bado."

"Na mimi bado."

"Nilikuwa najiuliza mbona tumbo linanguruma."

Kicheko kilimtoka Mama Sahani bila ruhusa. Kilianza puani, kikashuka kifuani, mpaka akashika meza. Fundi akaanza, Wifi akadakia, na wale wengine waliokuwa wamekwisha kufika ngazini wakarudi kuuliza kuna nini, wakaelezwa, nao wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Watu wa ajabu nyinyi," alisema Kinyozi akifuta machozi. "Mmetupangia vituo vinane vya picha na hamna pa kulaza ubavu."

Ikabidi wafanye kikao palepale. Mwenye nyumba alisema vyumba vyake vingine vimejaa wageni mpaka Jumapili. Wifi akatoa wazo: wanawake wawili walale kwake, shemeji aende kwa Kinyozi pamoja na Fundi.

"Nimekuja huku kulala na mume wangu," mke wa Kinyozi akasema, "si na waume wa watu wengine wawili."

"Basi Mama Sahani aje kwetu," wakasema warefu. "Ila kitanda hatutoshi hata sisi."

Wote wakamtazama Mama Sahani. Walikuwa wakingoja maneno ambayo amekuwa akiyasema tangu wamjue. Yalikuwa yameshafika kwenye ulimi: sisi tutalala popote, msijali. Aliyasikia yakijipanga. Akayameza.

"Hapana," akasema. "Nataka chumba. Changu na mume wangu."

Wifi akaacha kutafuna.

"Kipo kile cha juu," Mama Sahani akaendelea, akimwangalia mwenye nyumba. "Cha picha."

"Kile si chumba, dada. Kile ni picha." Mwenye nyumba akashika funguo zake kama zinataka kukimbia. "Hakijalaliwa tangu nikitengeneze. Twendeni mkaone wenyewe."

Wakapanda wote, watu kumi na watano kwenye ngazi moja. Chumba kilikuwa kama Fundi alivyosema. Cheupe kutoka mlangoni hadi dirishani, halafu bahari. Hata wale wanaogombana walinyamaza. Mwenye nyumba akainua pembe ya shuka. Chini yake palikuwa na makreti ya soda yamepangwa, juu yake mbao, juu ya mbao blanketi moja jembamba.

"Kwa macho ni kitanda," akasema. "Kwa mgongo, sijui."

"Mama, mimi ni mpiga picha," Fundi akaanza. "Tufanye hivi. Utupe chumba, na mimi nikupigie picha za nyumba nzima, nje na ndani, mpaka..."

Mama Sahani akamkanyaga mguu. "Usimsikilize. Huyu ni mume wangu. Hana kazi."

"Hilo tunalijua siku nyingi," akasema Kinyozi.

Mama Sahani akasogea karibu na mwenye nyumba, akaongea naye kama wenye biashara wawili. "Mama, mimi nina seti ya sahani za maua kabatini. Nina mwaka wa nane nimeziweka kwa ajili ya wageni maalumu. Kila wakija wageni nawaangalia, nasema hawa bado. Wewe umewaona wageni wangapi waliostahili kulala humu?"

Mwenye nyumba akatazama shuka, akatazama dirisha. Ilionekana swali hilo alishawahi kujiuliza.

"Hata mimi mwenyewe sijalala," akakiri. Halafu akavuta pumzi, akavua ufunguo mmoja shingoni. "Godoro la akiba liko stoo. Lakini kesho saa nne chumba kiwe tayari. Hawa wenzenu wana zamu yao."

"Bila shaka," akasema Fundi.

Mama Sahani akaupokea ufunguo, akautia kwenye mkoba.

Kwanza walipelekwa chini wakale. Walikaa wawili tu kwenye meza ndefu, na mwenye nyumba akawaletea samaki waliopashwa moto. Kila Mama Sahani alipoinuka kuchukua bakuli, yule mama alimbonyeza bega chini. "Kaa." Mara ya tatu akakaa kwelikweli. Alikula polepole, viwiko mezani, na hakuuliza chumvi imewekwa wakati gani.

Jioni walikwenda kituo namba nne, kwenye gati. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kidogo. Jua lilikuwa limelegea kama ramani ilivyosema, maji yamekuwa ya dhahabu, na jozi zote saba zimejipanga foleni, kila wawili wakisubiri zamu. Wifi na mumewe wakaanza. Mwalimu akainua simu kuwapiga.

Fundi alivumilia kadiri alivyoweza. "Anawakata miguu," akamnong'oneza mkewe.

"Mwache akate."

"Anapiga jua likiwa nyuma yao. Watatoka weusi kama makaa."

"Fundi."

"Dakika moja tu," akasema, na akatoka kwenye foleni.

Dakika hiyo ilimaliza watu kumi na wawili. Aliwanyoosha mabega, akawageuza, akalala kifudifudi kwenye mbao ili gati lionekane refu. Wenzao walifurahi, picha zilikuwa nzuri kupita kiasi. Aliporudi kwenye foleni, foleni ilikuwa mtu mmoja mwenye gauni la maua, na jua lilikuwa limekwisha kuingia majini.

Mama Sahani hakununa. Alimshika mkono wakarudi. Njiani tu alimwambia, "Leo mume wangu nimemwona mara mbili. Kwenye basi, na wakati wa kula samaki."



Asubuhi Mama Sahani aliamka saa mbili na nusu. Hakukumbuka mara ya mwisho kuamka saa hiyo. Godoro la akiba lilikuwa gumu upande wake na lina bonde upande wa mumewe, kwa hiyo wote wawili walikuwa wamelala kwenye bonde. Mwenye nyumba alibisha, akaacha mlangoni sinia la chai, mkate na mayai. Mama Sahani alilichukua, akarudi kitandani, akajaza vikombe viwili.

Fundi alikuwa ameshakaa, anatafuta suruali. "Saa tatu imeshapita. Lazima tutandike. Niwapange kabla jua halijafika. Warefu waanze, maana watachukua muda kukunja miguu."

"Kunywa chai."

"Nitakunywa baadaye."

"Mume wangu," akasema Mama Sahani, kwa upole, bila kumwangalia, akipaka mkate siagi. "Mlango ule pale. Ukitoka, anatoka fundi. Na mimi nitabaki hapa na siku yangu ya pili."

Fundi alisimama katikati ya chumba na fulana yake na suruali mkononi. Alimtazama mkewe. Alitazama mlango. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa aache kukohoa kifua kikimuwasha. Halafu akaitupia suruali kwenye kiti, akarudi kitandani, akapokea kikombe.

Jua likaja kwa wakati wake. Kwanza liligusa pazia, kisha likapanda kwenye makreti, kisha likawakalia wote wawili usoni.

"Kumbe linachoma macho," akasema Fundi, akikunja uso. "Mimi miaka yote nawaambia watu wasipepese."

"Na watu wanakutukana kimoyomoyo."

"Na magoti yanapata moto." Alinyoosha mkono kwenye mwanga, akaugeuza. Kisha akageuka kumtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza hakufumba jicho moja. Alikuwa na kilemba cha kulalia, siagi kwenye kidole, na nywele chache nyeupe karibu na sikio ambazo Fundi hakuwa na habari nazo. "Hizi zimeanza lini?"

"Mwaka juzi. Zilikuwa zinakungoja."

Akazigusa kwa kidole, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Saa nne na dakika tano mlango ukagongwa. Nje kulikuwa na minong'ono, manukato ya kila aina, na viatu vya visigino.

"Hodi," ilikuwa sauti ya Wifi. "Namba tano tumefika. Tumevaa, tumejipaka, shemeji yako nimembana mkanda hawezi kupumua. Fungueni kabla hajazimia."

"Ingieni," akasema Mama Sahani, "hatujafunga kwa ufunguo."

Mlango ukafunguka. Watu kumi na wawili wakachungulia, wamependeza kama maua ya mezani, na mbele yao wakawaona waandalizi wa safari kitandani, mmoja na fulana, mwingine na kilemba, makombo ya mkate juu ya shuka jeupe.

"Kaka," Wifi akasema. "Hamjatoka?"

"Hatujatoka," akasema Fundi.

"Na jua?"

"Liko hapa. Ni zuri sana."

"Zamu yetu je?"

Fundi akamwangalia mkewe. Mama Sahani akajibu. "Jana nyote mlipata gati. Leo namba tano ina watu."

Kinyozi alicheka kwanza. Alitoa simu yake, akasimama mlangoni, mahali palepale penye alama kwenye ramani. "Basi mkae hivyohivyo. Nawapiga."

"Subiri," Fundi akaropoka. "Rudi nyuma hatua mbili, shusha mkono, usikate..." Mama Sahani akamziba mdomo kwa kiganja chenye siagi. Kinyozi akabonyeza. Akabonyeza tena, na tena, kwa sababu wale wawili walikuwa wanacheka na kitanda kilikuwa kinalia makreti. Picha moja ilikata kichwa cha Fundi nusu. Nyingine ilimpata Mama Sahani amefumba macho. Kwenye zote walikuwamo wawili.

Kusubiri kulipowachosha, wengine wakaingia. Wanawake walivua visigino, wakakaa sakafuni na magauni yao mazuri. Shemeji alilegeza mkanda, akashusha pumzi iliyosikika mpaka chini. Mwenye nyumba alipanda kuuliza kelele ni za nini, akasimama kidogo mlangoni mikono kiunoni, kisha akashuka na kurudi na birika kubwa na vikombe kumi na vitano.

Walipiga soga mpaka jua likahama kwenye mto, likatambaa ukutani, likatoka.

"Limeondoka," Wifi akalalamika. "Sijapata hata moja."

"Kesho saa nne litarudi," akasema Fundi.

"Na kesho mtakuwa mmetoka?"

Fundi alimgeukia mkewe, akimsubiri ajibu yeye.

"Kesho tutaangalia," akasema Mama Sahani, na akanyoosha kikombe aongezewe chai.